Mambo ya kuzingatia kabla hujachagua chuo cha theolojia

Kila msimu wa kuomba vyuo ukifika naulizwa "mtumishi, niende chuo gani cha Biblia?" na mimi huwa nauliza kwanza, nani anakutuma? Anza hapo kabla hata hujachukua fomu. Kama ni Mkatoliki unataka upadre wa jimbo haya hayakuhusu sana, askofu wako ndo atakupeleka seminari kama Kipalapala au Segerea, hujichagulii. Mlutheri wa KKKT kaongee na mchungaji wako usharikani maana dayosisi ndo inatuma watu chuo cha Makumira na kwingineko, ukijipeleka kwa hela yako unaweza kumaliza vizuri tu halafu ukarudi ukaambiwa hatuna nafasi yako. Waanglikana hivyo hivyo. Sisi Wapentekoste ndo tuna uhuru, na ndo tunapigwa sana.

Msimamo wa imani wa chuo soma wote. Dada uliyeitwa kwenye uchungaji, hakikisha kanisa lako linabariki wanawake, KKKT walishakubali tangu 1990 ila yapo makanisa mpaka leo hayataki kusikia. Lugha: ngazi ya cheti vyuo vingi vinafundisha kwa Kiswahili, digrii ni Kiingereza, na Kiyunani na Kiebrania vinakusubiri humo humo. Ada usiulize ya darasani tu, uliza na chakula, hosteli, mafunzo ya vitendo mpaka hela ya joho. Wenye familia ulizeni nyumba za wanandoa mapema, zinakuwaga chache.

Sasa ithibati, yaani chuo na kozi zake kutambuliwa rasmi. Hapa naomba utulie.

Mtoto wa shangazi yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaacha kazi akaingia chuo kimoja cha Biblia (sikitaji) kilichosema kina ushirika na chuo kikuu cha Marekani. Miaka mitatu. Mahafali tulienda ukoo mzima, cheti kina mhuri wa dhahabu unang'aa, "Bachelor of Theology", shangazi akakiwekea fremu sebuleni. Akaanza kuhubiri, hakuna aliyemuuliza cheti. Shida ilikuja alipotaka kusoma masta kwenye chuo kikuu kinachoeleweka, wakamwambia digrii ya nje lazima itambuliwe na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwanza. Akapeleka. Jibu likarudi kwamba hicho chuo cha Marekani hata huko Marekani hakitambuliki. Ilikuwaje? Kumbe kule yapo majimbo yanaruhusu chuo cha dini kutoa digrii za dini bila ithibati yoyote, kwa hiyo kiko kihalali kabisa kwenye makaratasi, na hao waliojiita wakaguzi wake ni bodi ambayo serikali ya kule haiijui. Akamfuata mkuu wa chuo, akajibiwa "sisi tunamtumikia Mungu, hatuitumikii TCU." Hela hakurudishiwa hata mia. Saa hizi anasoma diploma sehemu nyingine, kakaa dawati moja na vijana wanaomuita baba mchungaji, na ile fremu shangazi kagoma kuitoa ukutani.

Kwa hiyo sikiliza. Chuo kusajiliwa kama huduma au kama kampuni sio ithibati. Cheti na diploma kwa Tanzania ni NACTVET (baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi), digrii ni TCU, Kenya vyuo vikuu viko chini ya tume yao, CUE. Ingia mwenyewe kwenye orodha zao, usikubali picha ya cheti uliyotumiwa WhatsApp. Na angalia kozi yenyewe sio jina la chuo tu, maana chuo kinaweza kutambulika na kozi unayoenda kusoma bado haijapitishwa. Wakikwambia wana ushirika na chuo kikuu fulani, waandikie hao wenye chuo kikuu uwaulize kama wanawajua. Kuna pia ACTEA, wanakagua vyuo vya theolojia Afrika tangu 1976, chuo kikiwa nao ni dalili nzuri ya ubora ila masuala ya serikali fuatilia kivyake.

Na usiniletee habari za "wito hauhitaji vyeti." Rwanda sheria ya 2018 ilitaka viongozi wa makanisa wawe na digrii ya masomo ya dini, wakapewa miaka 5, na 2024 makanisa kwa maelfu yakafungwa kwa sababu mbalimbali. Huwezi kujua kwetu itakuwaje. Ila kama shida yako ni kulijua Neno tu ufundishe sandei skuli, shule ya Biblia isiyo na ithibati sio dhambi, bora wakwambie ukweli toka mwanzo na ada iwe ya kawaida.

Mengine ni akili ya kawaida. Ufadhili wa mzungu omba uonyeshwe barua inayosema ni wa miaka mingapi, watu wanakatiwaga katikati ya mwaka wa pili. Tembelea chuo siku ya kazi sio siku ya mahafali, ingia maktaba uone kama vitabu vinaazimwa au vimejaa vumbi. Ada usitume kwenye namba ya mtu binafsi hata kama ni askofu, dai risiti. Omba namba za waliomaliza mwaka jana uwapigie uwaulize wanatumika wapi, na chuo kikianza kuzungusha kukupa hizo namba, tafuta kingine.