Safari ya visiwani kwa wazee Zanzibar: mpango uanzie kwenye maji

Watu wengi wanaowaandalia wazazi wao mapumziko Unguja na Pemba huanza kwa kutafuta hoteli, wakaendelea na tiketi, kisha siku ya safari ndipo wakauliza mashua inaondoka saa ngapi. Kwa msafiri mwenye magoti yanayouma, au aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, au anayetembea kwa fimbo, nashauri utaratibu huo ugeuzwe. Ugumu wa safari ya visiwani hauko katika kukaa baharini, kwa kuwa mzee akishakaa vizuri chomboni huweza kufurahi saa nzima bila taabu. Ugumu uko katika zile hatua chache za kutoka mchangani kuingia chomboni na kutoka chomboni kushuka kisiwani, na hatua hizo huwa nyepesi au nzito kutegemea maji yamejaa au yamekupwa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuwa nacho mezani ni kalenda ya mwezi mwandamo. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku inayofuata. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hukauka karibu na saa nne, ya asubuhi na ya usiku, na kati ya kujaa kwake na kupwa kwake kina kinaweza kutofautiana kwa karibu mita 4. Siku za maji mafu, ambazo huangukia takriban tarehe 7 hadi 10 na tarehe 22 hadi 25 za mwezi wa Kiislamu, mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, hupungua kidogo tu, na mikondo nayo huwa dhaifu. Mpangaji akiweza kuziweka safari zote za mashua katika siku hizo za maji mafu, atakuwa amewaondolea wazee wake nusu ya tabu hata kabla ya kulipa shilingi moja. Wataondoka saa tatu au saa nne, jua likiwa bado la upole, na maji yakiwa yamefika karibu kabisa na mchanga mkavu.

Jambo hili lina uzito zaidi pwani ya mashariki ya Unguja. Paje, Bwejuu na Jambiani maji yakikupwa wakati wa bamvua huenda mbali mno, hadi karibu na mwamba, na anayetaka chombo hulazimika kutembea juu ya mawe, majani ya baharini na vidimbwi vyenye viumbe wa miiba mirefu myeusi. Ni mandhari nzuri ya kutazamwa na aliyekaa barazani, na ni kweli kwamba kuwaona akina mama wakishughulikia mwani wao wakati huo ni jambo ambalo wazee wengi hulipenda, lakini si mahali pa kumpeleka mtu wa miaka 75 apande mashua. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, maji hayaendi mbali hivyo, na mtu huweza kuoga karibu wakati wowote wa mchana.

Sasa namna ya kupanda chombo. Zungumza na nahodha usiku wa kabla, umweleze waziwazi kwamba bibi hawezi kuinua mguu juu ya goti au kwamba babu ana fimbo, ili aje na mabaharia wawili badala ya mmoja na alete ngazi. Pasipokuwa na ngazi, kigoda kizito cha plastiki kikiwekwa majini ubavuni mwa chombo, mahali ukingo wake ulipo chini zaidi, hufanya kazi hiyo vizuri, mradi baharia mmoja akikanyage kisiyumbe. Mzee atangulize mguu wenye nguvu, akae kwanza juu ya ukingo, kisha ageuke na kuingiza miguu yote miwili ndani akiwa ameshakaa. Ashike bega la baharia, wala asivutwe mkono, kwa sababu mkono ukivutwa wakati wimbi linapita mwili hufuata upande usiotakiwa na bega la mzee huumia kirahisi. Kina mama waliovaa magauni marefu au mabuibui wavae suruali nyepesi ndani ili waweze kuinua pindo bila wasiwasi, na kila mtu awe na viatu vya plastiki vyenye kamba nyuma ya kisigino, maana ndara huchopoka majini. Jaketi la kuokolea livaliwe kabla ya kuondoka na lifungwe vizuri. Nahodha anayesema kwamba halina haja kwa sababu bahari ni shwari asipewe kazi hiyo, hata akipunguza bei.

Pepo na misimu

Baada ya maji huja upepo. Kusi, yaani upepo wa kusini, huvuma kwa nguvu kuanzia Juni hadi Agosti, na kaskazi, yaani upepo wa kaskazini, huanza Desemba na kuendelea hadi Februari au mwanzoni mwa Machi. Masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na hapo vichochoro vya mjini hujaa maji na sakafu za mawe huteleza. Kwa wazee naona miezi bora ni Septemba na Oktoba, kabla vuli haijashika, na siku za mwisho za Februari kaskazi inapoanza kulegea. Julai ina hewa baridi inayopendwa na wenye presha, na ndiyo wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, kule Makunduchi, lakini ukichagua Julai ni vyema ubaki Unguja na usivuke bahari kubwa kwa boti.

Mkondo kati ya Unguja na Pemba una kina kirefu na mawimbi yake si ya kupuuzwa. Wazanzibari hawajasahau meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, wala ya Skagit iliyozama Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe. Sitaji misiba hiyo kwa kumtisha mtu. Nataka mpangaji awe na ujasiri wa kuahirisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali, au chombo kikionekana kimejaa kupita kiasi, rudini hotelini, kwani tiketi inunuliwayo tena ni hasara ndogo sana.

Hali ikiwa nzuri, napendekeza kwenda Pemba kwa boti na kurudi kwa ndege. Sababu ni hii: wakati wa kusi boti inayoelekea kaskazini hubebwa na upepo na mawimbi yanayotoka nyuma, ilhali wakati wa kurudi huyapokea yote usoni, na hapo ndipo watu hutapika. Ndege ndogo kutoka Chake Chake hadi Unguja huchukua takriban nusu saa tu. Ulizeni mapema kuhusu uzito wa mizigo, ambao mara nyingi huwa kilo 15 kwa mtu, na kuhusu ngazi ya kupandia, ambayo ni nyembamba na fupi lakini ina vipandio vilivyosimama. Ndani ya boti wakae sehemu ya kati kuelekea nyuma, sitaha ya chini, wale kitu chepesi kabla ya kuondoka, na dawa ya kichefuchefu inywewe kwa ushauri wa daktari kwa sababu huleta usingizi na kizunguzungu, ambavyo ni hatari wakati wa kushuka ngazi ya gati.

Mahali pa kwenda, na kasi ya kwenda

Mpango wa siku kumi hadi kumi na mbili unatosha Mji Mkongwe, pwani moja ya Unguja, na Pemba. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kuvuka bahari kusizidi mara moja kwa siku, na siku inayofuata iwe ya kukaa.

Mji Mkongwe upewe siku tatu au nne. Uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kwa mtu mzima una neema moja ambayo miji mingi haina: baraza za mawe mbele ya nyumba, ambapo mtu yeyote anaweza kukaa akapumzika, akasalimiana na wenyeji na kuletewa kahawa. Matembezi yapangwe kufuata baraza hizo, si kufuata idadi ya majengo. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, itazamwe kutoka nje, kisha watu wavuke kuingia Ngome Kongwe iliyo jirani nayo. Nyumba nyingi za wageni ni majumba ya zamani yenye ngazi kali na hazina lifti, kwa hiyo omba chumba cha chini kwa maandishi, na uulize pia urefu wa kitanda. Samadari za Kizanzibari ni nzuri mno, lakini nyingine zimeinuka kiasi kwamba mzee anayeamka usiku kwenda msalani huhitaji kigoda, na kigoda gizani ndicho kinachovunja nyonga.

Changuu ni kisiwa cha kwanza kinachofaa. Ni karibu na Mji Mkongwe, takriban nusu saa kwa mashua ya injini, na kuna kobe wakubwa ambao asili yao ni wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, baadhi yao wakiwa na zaidi ya miaka 100. Gereza lililojengwa huko miaka ya 1890 halikutumika kama gereza, bali kisiwa kilikuwa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na homa ya manjano. Saa mbili zinatosha. Madereva wa mashua hupenda kuunganisha Changuu na fungu la mchanga lililo jirani, ambalo huonekana maji yakipungua, lakini halina mti wala mwamba wa kivuli, nami nisingempeleka mzee huko mchana kati ya saa tano na saa tisa. Chumbe, yenye mnara wake wa taa wa mwaka 1904 na matumbawe yaliyohifadhiwa, inawafaa wazee wenye miguu imara.

Njiani kuelekea kusini pitieni Jozani, ambako kima punju hukaa karibu na njia na kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko, na msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 1107. Safari za pomboo hapohapo Kizimkazi ziachwe, kwa kuwa vyombo hukimbizana na watu huruka majini na kupanda tena mara kadhaa.

Pemba ipewe siku nne, na isiwe chini ya hapo. Huko ndiko safari ya taratibu hupata maana yake: vilima vya kijani, karafuu zimeanikwa juu ya majamvi kandokando ya barabara wakati wa mavuno, na watu wasio na haraka na mgeni. Kodini gari kwa siku nzima, Noah au kubwa kidogo yenye kipandio, na kituo kiwe Chake Chake, kwa sababu kutoka hapo Mkoani na Wete ziko karibu sawa. Msitu wa Ngezi una njia tambarare yenye kivuli. Kisiwa cha Misali, kilicho takriban kilomita 10 magharibi, kimehifadhiwa tangu 1998 na hakina nyumba ya wageni wala duka, hivyo maji ya kunywa, chakula, dawa, mkeka na kiti cha kukunja vyote vibebwe kutoka Chake, na muondoke Wesha, bandari ya karibu na Chake, siku ya maji mafu.

Afya

Dawa za presha na sukari zigawanywe mafungu mawili katika mikoba miwili tofauti, pamoja na karatasi yenye majina ya dawa na vipimo vyake, na lisiwekwe fungu lolote katika mzigo unaopakiwa chini ya boti. Mwenye kuchoma insulini aulize hotelini kama kuna jokofu na jenereta. Kwa dharura, Unguja kuna hospitali za Mnazi Mmoja mjini, Kivunge kaskazini na Makunduchi kusini. Pemba kuna Abdalla Mzee hapo Mkoani, na hospitali za Chake Chake na Wete. Wanaotoka nje ya Tanzania wahakikishe masharti ya bima ya safari ya Zanzibar yaliyoanza Oktoba 2024. Mgonjwa wa kisukari ataletewa halua ya Wete kila atakapokaribishwa kahawa, na kukataa kabisa huonekana vibaya. Kipande kidogo kinatosha kumheshimu mwenyeji. Safari ikiangukia Ramadhani, jueni kwamba nje ya hoteli chakula cha mchana ni shida, na mzee mwenye ruhusa ya kutofunga ahifadhiwe mahali pa faragha pa kula na kunywa dawa.

Mwisho, pangeni kurudi Unguja kutoka Pemba siku mbili kamili kabla ya ndege au boti ya kwenda nyumbani, na chumba cha mjini kwa siku hizo kilipiwe tangu mwanzo, kwa kuwa ndege ndogo huahirishwa kwa mvua na boti huzuiwa kwa upepo, na mzee asifikishwe mahali pa kulala gatini akisubiri.