UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) inayojirudia baada ya kukoma hedhi: ulizia krimu ya estrojeni
Nimelijua hili juzi nikimsindikiza mama mkubwa kliniki hapa Dodoma, baada ya dozi ya nne ya antibiotiki. Kama mama yako amekoma hedhi na UTI kila mara inarudi, muulize daktari kuhusu krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Estrojeni, homoni ya kike, huzifanya kuta za uke ziweke akiba ya glikojeni, yaani sukari ya akiba ya mwili. Bakteria wazuri, laktobasili, hula sukari zitokanazo na akiba hiyo na kutoa asidi inayoweka pH (kipimo cha uasidi) kati ya 3.8 na 4.5, ambapo vijidudu vya choo kikubwa havistawi. Hedhi ikikoma estrojeni inashuka, akiba inapungua, walinzi wanapungua, na vijidudu vinapanda hadi kwenye kibofu. (Kuosha ndani kwa sabuni ndiyo kuharibu zaidi, jamani.) Usitegemee matokeo ya kesho: hesabu wiki kadhaa. Krimu haitibu UTI iliyopo tayari. Kwa hiyo iliyopo, mkojo upimwe, ikiwezekana uoteshwe maabara kujua ni bakteria gani. Vidonge vya estrojeni vya kumeza havizuii UTI. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, au anayetokwa damu ukeni baada ya hedhi kukoma, asipake mpaka daktari aamue. Mkojo ukiwa na damu, apimwe na kichocho.