Kuweka SSD kwenye laptopu ya bei chee yenye Linux: cheki tundu kwanza, hela baadaye

Wakuu, kama una laptopu ya mtumba umeshaipiga Linux lakini ukiiwasha unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi bado inahangaika, mara nyingi shida siyo Linux wala prosesa, ni hiyo hadi diski ya kuzunguka. Nyingi za laptopu zinazunguka mara 5400 kwa dakika, yaani mizunguko 90 kwa sekunde, na kila faili dogo likihitajika kile kichwa cha kusomea kinabidi kihame, kisubiri sahani ifike mahali pake, ndo kisome. Kwa mtindo huo inaweza kusoma sehemu tofauti kama mara mia tu kwa sekunde, mara nyingi hata chini ya hapo, na Linux ikiwa inawaka inagusa mafaili madogo maelfu. SSD, yaani diski ya chipu tupu, haina kitu kinachozunguka, hata ile ya bei ya chini inafanya hiyo kazi maelfu ya mara kwa sekunde.

Kwaiyo usibabaishwe na namba zilizoandikwa kwenye boksi. SSD za SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, zinaishia kama MB 550 kwa sekunde, za NVMe, njia mpya ya kasi zaidi, nyingi zinapiga 3500, lakini kwenye mashine ya kawaida ya kuandikia ripoti na kufungua brauza tofauti ya hizo mbili huioni sana. Tofauti unayoiona ni ya kutoka hadi diski kwenda SSD yoyote ile.

Na hela za watu haziendi kwenye kufungua mashine, zinaenda kwenye kununua kitu kisichoingia. Kuna dogo mmoja wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anakaa Ng'ong'ona, alienda mjini akanunua NVMe nzuri kabisa, ikaingia kwenye tundu vizuri, skrubu ikakaza, akawasha, mashine haioni kitu. Tundu lake lilikuwa la M.2, lile la kuchomeka SSD nyembamba kama kadi, lakini nyaya zake ni za SATA tu. Dukani wakamwambia mzigo ukishafunguliwa haurudi. Kwaiyo kabla hujapanda bajaji, fungua terminali uandike hivi:

lsblk -d -o NAME,SIZE,ROTA,TRAN,MODEL

Angalia safu ya ROTA, ukiona 1 hiyo ni ya kuzunguka, ukiona 0 hiyo tayari siyo ya kuzunguka na, kama jina halianzi na mmcblk, pengine hauna haja ya kuendelea na huu uzi. Jina likiwa sda na TRAN, yaani njia ya kuunganisha, ikasema sata, uko pazuri. Likianza na mmcblk una eMMC, ile chipu iliyochomelewa kwenye bodi, ipo sana kwenye vilaptopu vyembamba kama HP Stream vya GB 32 au 64. Hiyo haitoki. Lakini usikate tamaa mapema, baadhi ya hivyo vilaptopu vina tundu la M.2 tupu limekaa tu chini ya kifuniko, na kama hakuna kabisa unaweza kuinstoli Linux kwenye SSD ya nje ukachomeka USB 3, ile yenye ulimi wa bluu mara nyingi, ikawakia huko. Siyo maridadi ila inafanya kazi.

Alafu chukua jina kamili la mashine:

sudo dmidecode -s system-product-name

Hilo jina lisachi pamoja na mwongozo wa mafundi wa hiyo modeli, kampuni kama HP, Dell na Lenovo wanaweka PDF zake bure kabisa na ndani yake kuna picha ya kila skrubu na aina ya diski inayoingia. Hiyo PDF naiamini kuliko mtu yeyote aliyekaa kaunta.

Kwa ufupi utakutana na vitu vitatu. Ya kwanza ni ile ya mstatili ya inchi 2.5, inaingia palepale ilipotoka hadi diski, hii ndo rahisi kuliko zote na laptopu nyingi za mtumba za zamani zinatumia hiyo. SSD zake nyingi zina unene wa milimita 7 wakati diski za zamani nyingine zilikuwa 9.5, kwaiyo ikicheza kwenye nafasi yake weka kipande cha plastiki juu ibane. Ya pili ni M.2 ya SATA, ya tatu M.2 ya NVMe, na hizi mbili zinafanana kwa sura kiasi kwamba lazima usome lebo. Ya SATA kwa kawaida ina mikato miwili kwenye meno, ya NVMe kwa kawaida mmoja, lakini zipo NVMe chache zenye miwili kwaiyo mikato peke yake isikudanganye. Angalia na urefu: 2242 ni upana milimita 22 na urefu 42, 2280 ni urefu 80, na tundu la ukubwa fulani lina kishikizo cha skrubu mahali pake.

Ukubwa? Kwa mtu wa Linux GB 240 au 256 inatosha kabisa, mfumo wenyewe na programu za kawaida mara nyingi haufiki GB 30. Ukiona mtu anakuuzia TB 2 kwa bei ya GB 256 ondoka hapo, hizo ni feki, chipu ndogo imedanganywa ijitangaze kubwa, ukifikia ukubwa wake halisi inaanza kuandika juu ya mafaili yako ya mwanzo na wala haikwambii. Hilo mi silifanyii mzaha hata kidogo. Kuna programu inaitwa f3 inakamata huo mchezo, f3write inajaza diski alafu f3read inasoma kuhakiki. Mchezo mwingine ni SSD iliyotumika kuuzwa kama mpya. Ukiwa na laptopu yako na waya wa SATA kwenda USB, muombe muuzaji uichomeke palepale dukani:

sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb

Hakikisha kwanza kwa lsblk kwamba sdb ndo yenyewe, alafu tafuta mstari wa Power_On_Hours. Mpya kabisa itasoma sifuri au saa chache. Ikisoma elfu kadhaa, hiyo imeshafanya kazi kwa mtu, anzeni kuongea bei upya. Muuzaji akinuna mwache anune.

Kabla ya kufungua fanya bakapu. Mi sipendi kukloni, yaani kunakili diski nzima kama ilivyo, kwanza diski ya GB 500 haikai kwenye SSD ya GB 240 mpaka ubane partisheni, pili unabeba na takataka zote za miaka. Afadhali kuinstoli upya kisha urudishe mafaili. Diski ya bakapu iwe na mpangilio wa mafaili wa Linux, ext4, maana FAT32 haikubali faili linalozidi GB 4 na inapoteza ruhusa za mafaili:

rsync -aHAX --info=progress2 /home/ /media/bakapu/home/

apt-mark showmanual > orodha.txt

Njia ya /media ibadilishe kulingana na jina la diski yako. Hiyo orodha ya pili ihifadhi hukohuko kwenye bakapu, itakukumbusha programu ulizokuwa nazo. Andaa na flashi ya kuinstolia kabla hujagusa skrubu, ukishatoa diski huna tena mashine ya kudaunlodia. Faili la kuinstolia Linux Mint, kwa mfano, lina karibu GB 3, kama bando linakuuma ulizia kwa mwenzako aliyenalo, ila hakiki kwa sha256sum kwamba halijaharibika kabla hujalichoma kwenye flashi.

Sasa kufungua. Hapa Dodoma kiangazi hewa ni kavu sana, ule umeme unaokupiga ukivua sweta au ukigusa kitasa ndo huohuo unaoua chipu. Usifanyie kitandani juu ya blanketi. Tumia meza ya mbao, vaa pamba, gusa kitu cha chuma kabla ya kugusa bodi na urudie kila ukinyanyuka. Zima feni, funga na dirisha la upande wa upepo, mana vumbi la huku halina adabu. Zima laptopu kabisa, siyo kuilaza, toa chaji, na kama betri inatoka kwa nje itoe. Kama iko ndani, kitu cha kwanza baada ya kufungua kifuniko ni kuchomoa koneta ya betri kwenye bodi, alafu bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi hivi umeme uliobaki uishe.

Skrubu zipange kwenye karatasi kwa umbo la mashine, ndefu na fupi hazifanani na ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa hadi kwenye kibodi. Bisibisi iwe ya nyota ndogo inayokaa sawasawa, ukisikia inateleza acha, ukiendelea utakula kichwa cha skrubu. Kifuniko kikikataa usitumie kisu, tumia kadi ya plastiki, tembeza pembeni utasikia vishikizo vinaachia tak tak, na kikigoma upande mmoja jua kuna skrubu imejificha chini ya mpira wa mguu au stika.

Hadi diski ya inchi 2.5 inavutwa kulala, siyo kunyanyuliwa, na nyingine zimeshikwa na kebo nyembamba kama utepe, hiyo usiivute kwa utepe wenyewe. Toa fremu ya bati, ihamishie kwenye SSD, rudisha. M.2 unaichomeka ikiwa imeinama kidogo, isukume mpaka meno yaingie yote, ukiiachia itainuka yenyewe upande wa nyuma na hiyo ni kawaida, ilaze kwa kidole ndo ufunge skrubu. Ukiwa hapo ndani piga brashi feni ya prosesa, shika panga zake zisizunguke. Ukikuta feni imejaa vumbi kama la huku wakati wa upepo wa mwezi wa nane, ukilitoa hilo peke yake litakupa nafuu ya joto.

Rudisha betri, funga, washa uingie bayosi kwanza, ile menyu ya mipangilio ya mashine kabla Linux haijawaka. SSD ionekane kwenye orodha. Kama ni NVMe na bayosi inaiona lakini Linux haiioni, angalia mpangilio wa diski kama uko kwenye RAID, weka AHCI. Kisha wakia kwenye flashi uinstoli, na chaji iwe imechomekwa, betri za mtumba hazieleweki na umeme ukikatika katikati utaanza moja. Ukiulizwa diski gani, soma ukubwa na jina, usichague kwa kubahatisha.

Ikishawaka rudisha mafaili kwa rsync ileile ukigeuza pande, alafu:

systemctl status fstrim.timer

sudo dmesg | grep -i "sata link"

Ya kwanza iseme active, hiyo ndo inayoiambia SSD kila wiki ni sehemu zipi zimeachwa wazi, bila hiyo inaanza kuwa nzito kuandika. Kama imezimwa, sudo systemctl enable --now fstrim.timer. Ya pili, kwa SSD za SATA, inaonyesha kasi ya njia, 6.0 Gbps ndo kamili, ukiona 3.0 mashine yako ni ya zamani, kasi inaishia kama MB 280 kwa sekunde na bado utafurahi. Ila kama rami ni GB 2, brauza yenye tabu ishirini itaendelea kukutesa, hapo SSD haina muujiza.

Ile hadi diski usiitupe, nunua kesi ya USB uifanye ya bakapu na muvi. Na kama unaiuza, kwanza hakikisha mafaili yako yanafunguka kwenye SSD, alafu ichomeke, itambue vizuri kwa lsblk na uifute yote kwa sudo shred -v -n 1 /dev/sdX ukiweka herufi yake halisi. GB 500 zinachukua masaa, iache usiku.