Jinsi ya kuingiza afya ya akili kwenye mpango wa tabianchi, anzia kaunti yako

Jamani, kama uko Kenya na umechoka kusikia tabianchi ikimaanisha miche na visima tu, sukuma afya ya akili iandikwe kwenye mpango, maana isipoandikwa haipati hela, ni hivyo tu.

Anza na fomu. Mafuriko yakipita huku Tana River, wanaokuja kuhesabu hasara wanaandika ekari, nyumba, mbuzi, mashine ya maji, lakini mwenye shamba mwenyewe hana safu yake. 2023 kulikuwa na mzee mmoja kambini, kila jioni anasimama anaangalia upande wa shamba lake, usiku halali, na fomu yake imeandikwa ndizi, ekari mbili, basi.

Kwa hiyo kusanyeni hesabu zenu wenyewe. Muulize mtu analala saa ngapi, anakula, watoto wakisikia ngurumo wanafanyaje, nani siku hizi hatoki nje. Na kwenye baraza usianze na "afya ya akili" maana watu wanasikia wazimu na wanakukimbia, sema mawazo, usingizi, moyo mzito. Majina usiandike, idadi na kijiji vinatosha.

Halafu tarehe, na hapa ndio wengi tunachomeka. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili. Ukija Mei na memoranda yako nzuri, yaani maombi yako ya maandishi, utapewa soda na utashukuriwa sana.

Ndani yake usiombe uhamasishaji, hiyo pesa huishia hotelini. Omba kitu chenye bei, mfano mafunzo ya wahudumu wa afya ya jamii kwenye wadi zinazofurika, nauli ya muuguzi wa magonjwa ya akili afike kambini mara mbili kwa mwezi, na dawa za akili na kifafa ziwe stoo kabla mvua haijaanza, kwa sababu mtu akihama usiku na maji kiunoni habebi dawa.

Watu wa afya watakwambia nenda mazingira, wa mazingira watakurudisha afya. Beba sheria zote mbili, ile ya tabianchi ya 2016 inayotaka kaunti iiweke tabianchi kwenye mipango yake, na marekebisho ya 2022 ya sheria ya afya ya akili yaliyoipa kaunti majukumu, uombe wakae meza moja na mwakilishi wa wadi akiwepo.

Kitaifa mpango wa tabianchi wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, unaandikwa upya kila miaka 5, kwa hiyo ukienda Nairobi na hesabu za wadi yako hutakuwa unaongea hewani.

Na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Yangu ya kwanza niliiacha mezani hivi hivi, niliporudi ofisi ikaniambia haijawahi kuiona.