Kusimamia mzigo wa duka dogo linalouza mtaani na Insta, hatua kwa hatua

Wadau, hii nawaandikia wenye duka dogo hapa Dar, lile lenye mlango mtaani na papo hapo linauza Insta na WhatsApp. Mimi nauza viatu vya kike na mikoba Sinza kwa hiyo mifano yangu mingi itakuwa ya viatu, ila we uza vyombo, uza vitenge, uza kava za simu, utaratibu ni ule ule. Ninachokiona kwa wafanyabiashara wengi ni kwamba mauzo yapo, tena mazuri tu, shida mtu hajui ndani kuna nini. Mteja anauliza inbox "38 nyeusi ipo?" anajibiwa ipo mpenzi, hela inaingia kwenye lipa namba, ndo watu wanaanza kupekua maboksi na kumbe ile pea iliuzwa jana dukani, sasa hapo unarudisha hela na makato yake na yule mteja ndo umeshamuaga.

Dawa yake ni hii: duka zima liwe na namba moja ya kila bidhaa, sehemu moja, na wote mnaouza mnaangalia hapo hapo.

HATUA YA 1: HESABU KILA KITU, KWA SAIZI NA RANGI

Chagua siku, Jumapili jioni ni nzuri, funga duka, simamisha mauzo ya online masaa machache, hesabu mzigo wote wa rafuni, stooni, na ule uliouweka nyumbani chini ya kitanda maana najua upo. Usiandike "sendo nyeusi pea 14". Viatu vya kike vya jumla Kariakoo mara nyingi vinakuja kwa seti, 36 mpaka 41, na zinazokimbia ni 38 na 39, kwa hiyo hizo pea 14 zinaweza kuwa 36 na 41 tupu, yaani kwenye karatasi una mzigo lakini kwa mteja huna kitu. Andika kila saizi na mstari wake.

Ukiwa unahesabu, kila bidhaa ipe kodi fupi, yaani "code", alama ya kuitambulisha, sio kodi ya pango. Mimi natumia aina, namba ya mtindo, rangi, saizi, mfano SN12-NY-38 ni sendo mtindo wa 12 nyeusi saizi 38. Kodi hiyo iandike kwa maka peni kwenye ubavu wa boksi unaoangalia mbele, na iwe kwenye jina la picha unayoposti pia, ili mteja akituma skrinshoti usianze kubishana na msaidizi wako ni nyeusi ipi.

HATUA YA 2: JEDWALI LENYE KURASA TATU

Daftari linafaa kama uko peke yako na bidhaa ni chache. Mkishakuwa wawili, mmoja dukani mwingine anajibu meseji, tumia Google Sheets, ni bure, inafunguka kwenye simu na wote mnaona kitu kile kile. Tengeneza kurasa tatu, Bidhaa, Yaliyoingia na Yaliyotoka.

Kwenye Bidhaa safu A ni kodi, B maelezo, C bei iliyokufikia (naieleza hatua ya 3), D idadi uliyohesabu siku ya kwanza, E kilichobaki. Kwenye zile mbili nyingine A ni tarehe, B kodi, C idadi, na zote mbili ziongezee D ya sababu. Halafu kwenye E2 ya Bidhaa bandika hii:

=D2+SUMIF(Yaliyoingia!B:B,A2,Yaliyoingia!C:C)-SUMIF(Yaliyotoka!B:B,A2,Yaliyotoka!C:C)

Ivute mpaka chini, basi. Ikikuletea makosa jaribu kubadilisha zile koma ziwe nuktamkato, kuna majedwali yamewekewa mpangilio huo. Safu ya E isiguswe na mtu kwa mkono, ifungie kabisa, maana siku mtu akiandika namba juu ya hiyo fomula kila kitu kimeharibika na hutajua kimeharibika lini.

Ile safu ya sababu watu wanaidharau ila ina kazi kubwa. Andika: dukani, online, zawadi, imeharibika, nimechukua mwenyewe. Ndio, hata wewe mwenye duka ukichukua mkoba kwenda nao harusini andika, na shangazi akipewa sendo andika, huwezi kumwambia msaidizi aandike kila kitu halafu wewe unatoka na boksi kimya kimya.

HATUA YA 3: IJUE BEI ILIYOKUFIKIA

Bei ya kwenye risiti ya muuzaji wa jumla sio bei yako. Tuseme umenunua pea 24 kwa 18,000 kila moja, bajaji mpaka dukani 12,000, hapo kila pea imeongezeka 500. Weka na mfuko, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 tunanunua mifuko mbadala, tuseme 300. Kwa hiyo kiatu kimekufikia kwa 18,800. Ukiuza 28,000 halafu ukasema "delivery bure" na boda kachukua 4,000, faida imeshuka kutoka 9,200 mpaka 5,200 na bado pango la fremu halijaguswa. Hii namba ya 18,800 ndo inaingia safu ya C, na ndo itakusaidia ule muda wa kupunguza bei ujue unashuka mpaka wapi.

HATUA YA 4: ODA ZA ONLINE ZIWE NA SEHEMU YAKE

Hapa ndo penye vurugu zote kwa hiyo nipe muda kidogo. Mzigo wa online una hali ambazo wa dukani hauna. Kuna uliolipiwa unasubiri boda, kuna ambao mteja kasema "niwekee nalipa jioni", kuna uliopo kwa boda na mteja atalipa akiuona, na kuna unaosubiri kwenda mkoani na basi. Huo wote bado unaweza kuwa dukani kwako au kurudi dukani kwako, ila sio wa kuuza.

Weka rafu moja au hata boksi kubwa, iandikwe ODA. Mteja akithibitisha tu, kabla hujamjibu asante, kiatu kinatolewa rafuni kinaingia kwenye boksi la oda kikiwa na karatasi ya jina la kwanza, eneo na saa, na mstari unaandikwa Yaliyotoka wakati huo huo. Usisubiri boda aje. Namba ya kilichobaki ikishuka papo hapo, aliyepo dukani hawezi kukiuza tena.

Wa "niwekee" wape mwisho, mimi saa 12 jioni, baada ya hapo kinarudi rafuni na unamwambia mapema kwa upole, wengi wanaelewa, na mzigo unaogombaniwa omba nusu ya hela kwanza. Boda akirudi na kiatu sababu mteja hakipendi au hapokei simu, usifute ule mstari wa mwanzo, andika mstari mpya Yaliyoingia, sababu "imerudi". Mwisho wa mwezi ukihesabu hizo "imerudi" utajua mtindo gani picha yake inadanganya au saizi zake ni ndogo, na utaandika kwenye posti "chukua saizi moja juu".

HATUA YA 5: JUA SIKU YA KUAGIZA

Usiagize kwa macho. Chukua unachouza kwa siku, zidisha kwa siku ambazo mzigo unachukua kukufikia, jumlisha akiba kidogo. Namba ya kilichobaki ikigusa hapo, agiza.

Mfano, mtindo unauza pea 2 kwa siku. Mzigo wa Kariakoo, hata ukiweka siku 3 za kupata nafasi ya kwenda, ni pea 6, akiba 4, kwa hiyo zikibaki 10 unaenda. Mtindo huo huo ukiuagiza China kwa meli na ukajipa siku 60 toka umelipa mpaka uko mkononi, ni pea 120 kabla hata ya akiba. Tuseme pea ya China ni 12,000, hiyo ni 1,440,000 imekaa chini. Ndo maana mimi nasema duka dogo la Dar lisikimbilie kontena kwa sababu pea ni nafuu, Kariakoo ipo jirani, hiyo ndo stoo yako, unalipa zaidi kwa pea lakini hela inazunguka. China agiza kile ambacho kimeshauza miezi kadhaa bila kusita.

Ukitafuta mauzo ya kwa siku gawanya kwa siku ambazo bidhaa ilikuwepo tu. Pea 20 kwa mwezi, ila wiki mbili ilikuwa imeisha, basi zile 20 ziliuzwa kwa kama siku 16, sio 30. Ukigawa kwa 30 utaagiza pungufu kila siku na utashangaa kwa nini kinachopendwa hakipo.

Na Idi, usifuate mwezi wa mwaka jana. Idi el-Fitr inarudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka, 2024 ilikuwa Aprili 10, 2025 ikawa Machi 31. Linganisha wiki tatu kabla ya Idi ya mwaka huu na wiki tatu kabla ya Idi ya mwaka jana.

HATUA YA 6: HESABU KIDOGO KIDOGO

Kila Jumatatu asubuhi hesabu rafu moja tu, na zile bidhaa chache zinazokuletea hela nyingi zihesabiwe kila wiki. Anayehesabu asioneshwe namba ya kwenye jedwali, aandike alichokiona, ndo mlinganishe. Ikipungua moja anza na mambo ya kawaida, saizi iliyoingia boksi la mwenzake, oda isiyoandikwa, kodi iliyokosewa, kabla hujamnyooshea mtu kidole.

HATUA YA 7: MZIGO ULIOLALA

Kila mwezi panga bidhaa kwa tarehe ya mauzo ya mwisho, zilizokaa siku 90 zitoe pembeni. Kwa joto na unyevu wa Dar kiatu kinazeeka kwenye boksi, gundi inaachia soli inabanduka, mikoba ya rexini inapata ukungu masika. Wa vipodozi na vyakula ndo kabisa, tarehe ya kuisha iwe na safu yake na kinachokaribia kukaa mbele.

Anza kwa kupiga picha upya ukiwa umekivaa, wakati mwingine tatizo lilikuwa picha. Wiki mbili kimya, punguza mpaka karibu na bei iliyokufikia, au funga na mkoba uuze kwa pamoja. Saizi za pembeni, zile 36 na 41, tengeneza posti yake peke yake, maana wenye miguu hiyo wanahangaika kweli kupata viatu na wakikujua wanaambizana. Zikigoma na hapo ziuze kwa jumla hata kwa hasara ndogo, na hiyo hela siku hiyo hiyo nenda kachukue 38 na 39 za mtindo unaotoka, na ukiwa huko muulize muuzaji kama anakubali uchague saizi badala ya seti nzima, wapo wanaokubali ukiongeza 500 au 1,000 kwa pea.