SOMO: Kujitoa kwenye taimsheya ya Marekani bila kupigwa mara ya pili

Kila Januari bili za ada ya matengenezo zikishatoka, simu yangu haipumziki. Shemeji wa rafiki, mama mchungaji, vijana wa Minnesota, wote swali ni lile lile: "Mkuu, tulisaini Orlando, tunatokaje?" Nimechoka kurekodi sauti ndefu za WhatsApp, kila mtu na yake. Naandika hapa mara moja. Ukiniuliza tena nitakurudisha huku.

Kwa ambao hawajanaswa: taimsheya ni haki ya kutumia nyumba ya mapumziko kwa wiki moja kila mwaka, au kwa pointi unazotumia kulipia siku za kukaa. Unaitwa kunywa chai ya asubuhi, unaahidiwa tiketi za Disney, "ni dakika tisini tu", mnakuja kutoka alasiri watoto wana njaa na nyinyi mna deni. Bei inaweza kupita dola 20,000, riba ya mkopo wake ni kali, na juu yake kuna ada ya matengenezo ya kila mwaka ambayo mara nyingi inavuka dola 1,000 na haishuki. Mikataba mingi haina tarehe ya mwisho.

Meza hili kwanza ndipo tuendelee: kitu hicho hakina soko. Wiki ulizouziwa kwa maelfu ziko eBay kwa dola moja na hazina mnunuzi. Ukilikubali hilo, tapeli atakayekupigia akisema "nina mteja wako tayari" utamkatia simu hajamaliza salamu.

1. Tafuta mkataba. Karatasi zote, pamoja na zile zilizobaki ndani ya begi la zawadi ambalo hujalifungua.

2. Angalia tarehe ya kusaini. Kama bado uko ndani ya muda wa kughairi, hatua nyingine hazikuhusu, fanya hii leo. Florida wanakupa siku 10, California 7, Nevada 5. Muda wako umeandikwa kwenye mkataba, na unaofuatwa kwa kawaida ni wa jimbo lenye jengo, si wa jimbo unaloishi. Florida siku huhesabika tangu usaini au tangu upokee karatasi ya mwisho, kwa lile lililochelewa.

Andika barua fupi ya Kiingereza: majina ya wote waliosaini, namba ya mkataba, tarehe, jina la jengo, na sentensi moja kwamba mnaughairi. Usieleze sababu wala kulalamika. Kama mlisaini mke na mume, msaini wote wawili. Itume kwa anwani iliyoandikwa kwenye mkataba kwa ajili ya kughairi, si ofisi ya yule kijana aliyewauzia. Posta waambie unataka barua ya rejista yenye kadi ya kurudisha saini ya mpokeaji, na ile risiti yenye muhuri wa tarehe itunze kama hati ya kiwanja. Florida inayohesabika ni tarehe ya kuposti, kwa hiyo ukiposti siku ya kumi umo.

Usipige simu. Ukipiga utapata mtu mtamu sana, "njooni tuzungumze, tutawapunguzia", na siku zinakwenda.

3. Muda umepita? Anza na wenye jengo wenyewe. Hapa ndipo watu wengi wanaruka na kwenda kulipa mtu wa nje maelfu kwa kazi ambayo kampuni inaweza kuifanya bure au kwa ada ndogo. Makampuni makubwa yana idara ya kupokea umiliki unaorudishwa. Wyndham kwa mfano wanauita mpango wao Certified Exit. Chama cha makampuni hayo, ARDA, kina tovuti ya responsibleexit.com inayoonyesha mlango wa kila kampuni. Kwa kawaida wanataka mkopo uwe umekwisha na ada zisiwe na malimbikizo, kwa hiyo kama unadaiwa mkopo, safari yako ni ndefu zaidi.

Mtu wa kwanza kupokea simu huenda akakwambia haiwezekani, au akutajie pointi za daraja la juu "zitakazokutatulia shida". Jibu hapana, omba idara ya kurudisha umiliki, kisha andika barua. Kila jambo liwe kwa maandishi.

4. Wakikataa, uza au gawa. Dalali awe na leseni ya jimbo na alipwe siku mauzo yanapokamilika, si kabla. Kwenye tovuti ya RedWeek unaweza kutangaza mwenyewe. Weka bei ya huruma, au andika bure kabisa na ulipie gharama za kuhamisha.

Kuhamisha ndiko mimi nilikoteleza, kwa hiyo soma taratibu. Wiki yetu tuliwapa familia moja tuliyokuwa tunasali nayo. Hati ikaandaliwa, ikasainiwa mbele ya mthibitishaji wa hati (notary), ikasajiliwa ofisi ya kaunti, ikarudi na muhuri. Tukashukuru Mungu. Januari bili ikaja kwa jina langu. Kumbe rejista ya kaunti na daftari la wenye jengo ni vitu viwili. Kaunti inatambua mmiliki mpya, lakini jengo linaendelea kumdai aliye kwenye daftari lake hadi lipate nakala ya hati iliyosajiliwa, fomu yao wenyewe ya uhamisho, na ada yao ya uhamisho. Kwa hiyo:

— Kabla ya yote, omba jengo barua inayoonyesha unadaiwa nini na masharti yao ya kuhamisha.
— Uliza kama wana haki ya kununua kwanza. Wakiwa nayo, unahitaji barua yao ya kuiachia kabla hujasajili chochote.
— Usihesabu umetoka hadi jengo likuandikie kwamba jina lako limeondolewa. Barua hiyo ndiyo kutoka kwenyewe, muhuri wa kaunti hautoshi.
— Mjue unayempa. Kuna "watoaji" wanaohamishia hati kwenye kampuni hewa, au kwa mtu asiyejua hata kama anamiliki. Ada zisipolipwa, jengo linaweza kuupinga uhamisho huo na kukurudia wewe.

5. Kuacha kulipa. Wapo wanaofanya hivyo. Utapigiwa na wakusanya madeni, wiki yako inaweza kutwaliwa na kunadiwa kisheria, na doa hukaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka 7. Deni wakilisamehe unaweza kuletewa fomu 1099-C, na mamlaka ya kodi ikalihesabu kama kipato. Kama unataka kununua nyumba karibuni, usithubutu kabla ya kuonana na wakili wa jimbo lako, na umtafute wewe, asikutafute yeye.

6. Matapeli. Kanuni ni mbili. Aliyekupigia kwanza ni mwizi. Anayetaka pesa kabla ya kazi ni mwizi, hata akiiita kodi, bima, ada ya wakili au kishika uchumba.

Wenye ofisi na matangazo ya redio nao wamo. Mwaka 2020 mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington aliishtaki kampuni ya Reed Hein, waliojulikana kama Timeshare Exit Team, na mwaka uliofuata wakakubali kulipa zaidi ya dola milioni 2.6. Novemba 2022 FTC, tume ya serikali kuu ya kulinda watumiaji, na jimbo la Wisconsin walifungua kesi dhidi ya kundi la Missouri kwa madai kwamba lilichukua zaidi ya dola milioni 90, nyingi kutoka kwa wazee, kwa mikutano ya hotelini na vitisho kwamba wajukuu watarithi deni.

Halafu kuna wa Meksiko. Julai 2024 wizara ya fedha ya Marekani pamoja na FBI walitoa tahadhari kwamba genge la dawa za kulevya la Jalisco, CJNG, lina vituo vya simu vinavyowinda wamiliki wa taimsheya. Wana majina yenu na namba za mikataba. Wanajifanya madalali, mawakili, hata maofisa wa serikali. "Mnunuzi yupo, ila kuna kodi ya Meksiko, tuma dola 3,000 benki hii." Ukituma inazuka kodi nyingine. Ukichoka, baada ya miezi anapiga "wakili" wa kukurejeshea ulizoibiwa. Ni wale wale.

Nimemaliza. Ulizeni, ila someni kwanza.

MASWALI

Juma_Houston: Mkuu somo zuri. Naomba namba ya kampuni nzuri ya kunitoa.

Mwandishi: Hatua ya 6.

Juma_Houston: Nimesoma ila nataka ya uhakika, wewe si unazijua.

Mwandishi: Kama ungekuwa umesoma usingeuliza. Mkopo umekwisha au bado? Jengo lipi? Ulishawapigia wenye jengo? Njoo na majibu hayo matatu ndipo tuongee.

BintiTanga: Shikamoo kaka. Baba alifariki mwezi wa nne, tumekuta hati ya wiki moja huko Florida kwenye makaratasi yake. Jengo limeshaandika barua kwamba sisi watoto ndio wa kulipa. Ni kweli tumerithi?

Mwandishi: Marahaba dada, poleni sana kwa msiba. Hapana, urithi haulazimishwi mtu. Mnaweza kuukataa kwa maandishi, na kwa sheria ya kodi ya serikali kuu kukataa huko kunapaswa kufanyika ndani ya miezi 9 tangu kifo, kwa hiyo hesabuni kuanzia mwezi wa nne na msilale. Cha muhimu zaidi: msiitumie hiyo wiki, msilipe hata ada moja, msisaini fomu yoyote ya jengo "kubadilisha mawasiliano". Ukishafaidi kitu, kukikataa kunakuwa kugumu. Na kila mtoto akatae kwa niaba yake, maana mkikataa wakubwa inaweza kumwangukia anayefuata, wakiwemo wajukuu. Ada zilizolimbikizwa ni deni la mali aliyoacha marehemu, si la mfukoni mwenu. Tafuteni wakili wa mirathi wa jimbo alikofia. Kazi hii kwake ni ndogo. Kama kuna jina la mama kwenye hati, niambie, hapo hesabu inabadilika.

BintiTanga: Jina la mama lipo. Bado yuko hai.

Mwandishi: Basi angalia hati inasemaje. Mara nyingi mke na mume wanamiliki kwa namna ambayo aliyebaki anachukua yote, na hapo nyinyi watoto hamjarithi chochote bado. Mama ndiye mmiliki. Na hiyo ni nafuu: mama anaweza kwenda hatua ya 3 akiwa na cheti cha kifo. Kufiwa, ugonjwa na kustaafu ni sababu ambazo baadhi ya majengo huzisikiliza kuliko nyingine. Barua iende na nakala ya cheti, halisi ibaki kwenu.

DerevaMstaafu: Nililipa kampuni moja dola 4,000 kwa kadi. Kimya. Sasa amenipigia wakili anasema anaweza kuzirudisha, anataka 600 tu.

Mwandishi: Mzee wangu, usimpe hata senti. Pigia benki ya kadi leo, waambie huduma uliyolipia haikutolewa, unataka kupinga malipo. Muda wa kupinga ni mfupi, hivyo usingoje kesho. Kisha ripoti kwa FTC, ic3.gov (tovuti ya FBI ya kuripoti utapeli) na mwanasheria mkuu wa jimbo lako. Yote hayo ni bure.

DerevaMstaafu: Ila ana leseni, amenitumia picha.

Mwandishi: Picha hata mimi ninaweza kukutumia. Leseni ya wakili inaangaliwa kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo, na ukiliona jina, piga simu ya ofisi iliyoandikwa pale, si aliyokupa yeye. Wanatumia majina ya mawakili wa kweli ambao hawana habari.

MamaImani: Wakusanya madeni wameniambia nisipolipa nitanyang'anywa grini kadi. Silali.

Mwandishi: Lala dada. Deni la taimsheya ni shauri la madai, si jinai. Hakuna anayekamatwa uwanja wa ndege kwa wiki ya Orlando. Na mkusanya madeni kutishia kukuchukulia hatua ambayo hana uwezo nayo kunakatazwa na sheria. Andika tarehe, saa na jina alilojitaja, ripoti kwa CFPB, ofisi ya serikali kuu ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha. Mwandikie akuthibitishie deni kwa maandishi, ndani ya siku 30 tangu upokee taarifa yake ya kwanza.

Wanjiku_N: Huku Nairobi nimepigiwa kwamba nimeshinda likizo ya bure Mombasa, niende hotelini na mume wangu na kadi ya benki. Ni mambo haya haya?

Mwandishi: Kadi ya benki ya nini kama ni bure? Ndiyo, ni shule moja. Mkienda mkasaini, kumbuka sheria ya Kenya ya ulinzi wa watumiaji ya 2012 ina sehemu yake kuhusu mikataba ya taimsheya, na inakupa muda wa kughairi bila kutoa sababu. Mwenye ndugu Uingereza au Ulaya amwambie kule ni siku 14, na muuzaji hana ruhusa ya kupokea hata malipo ya awali kabla hazijaisha.

Juma_Houston: Nimerudi. Mkopo umekwisha mwaka juzi, ni Wyndham, sijawahi kuwapigia.

Mwandishi: Umeona sasa? Hatua ya 3, Jumatatu asubuhi. Uwe na namba ya mkataba mkononi.

KijanaWaTampa: Swali la pembeni: ukienda kwa ajili ya tiketi tu halafu ukakataa, inaruhusiwa?

Mwandishi: Inaruhusiwa, ila mtakuwa wawili mezani na wao watakuja watatu kwa zamu. Angalia pia wanapokupa tableti usaini "kuthibitisha umehudhuria". Soma kurasa zote, usisaini kwa kidole huku anakuelekeza pa kubonyeza. Tiketi bora ununue.

KijanaWaTampa: Nimeshasaini hiyo ya kuhudhuria jana.

Mwandishi: Fungua barua pepe zako sasa hivi uone walichokutumia. Kama kuna mkataba, hatua ya 2, posta inafungwa saa kumi na moja.