Jinsi ya kuseti ESC ya ndege ya rimoti kabla hujairusha

Wakuu, kabla hujagusa waya wowote toa propela kwenye mota, na usiirudishe mpaka nikwambie irudishe. Propela ya inchi 9 au 10 kwenye betri ya seli 3 inakata kidole vizuri kabisa, na muda wa kuseti ESC (kile kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota na kupanga spidi yake) ndio mota inaweza kuwaka bila wewe kutegemea, kwa hiyo usijipe moyo kwamba utakuwa makini, itoe tu.

Nimeona watu wananunua mota mpya mara mbili wakati shida ilikuwa seting. Mota inachelewa kuwaka, au throto (stiki ya nguvu ya mota) ikifika katikati tayari iko spidi ya mwisho, au ndege inazima hewani ghafla inaanguka kama jiwe, hayo yote mara nyingi ni ESC haijafundishwa stiki yako ya throto inaanzia wapi na kuishia wapi, au imewekwa kukata umeme vibaya.

Kwanza saizi. Angalia mota imeandikwa inakula ampia ngapi mwisho, halafu ongeza kama robo hivi au zaidi. Mota ya ampia 20 nunua ESC ya 30, usichukue ya 20 kwa sababu imeandikwa 20. Hapa Dar joto la mchana linafika nyuzi 32 na unyevu juu yake, ESC iliyofungiwa ndani ya foamu haina pa kupumulia. Toboa tundu la kuingiza hewa mbele na lingine la kutokea nyuma, la kutokea liwe kubwa kidogo.

Kuunga waya ni rahisi. Waya tatu za mota zinaunga vyovyote, mota ikizunguka kinyume badilisha waya mbili zozote kati ya hizo tatu, basi. Ila upande wa betri hapo usifanye mchezo, nyekundu kwa nyekundu nyeusi kwa nyeusi, ukigeuza hata sekunde moja ESC imekufa na moshi utauona. Kama waya ni fupi refusha za upande wa mota, usirefushe za betri, kwa sababu waya ndefu ya betri inaleta mapigo ya volti yanayochosha zile kapasita za ESC. Plagi za betri za XT60 ukilehemu hakikisha risasi imeyeyuka ikaingia ndani, ikikaa juu juu kama tone itachemka ukiwa angani. Kama huna mkono wa kulehemu, mafundi simu Kariakoo wanalehemu kila siku, mpelekee, ila simama naye umuoneshe chanya na hasi.

Ule waya mwembamba wa nyuzi tatu unaenda kwenye risiva (kipokezi cha rimoti kilicho ndani ya ndege), chaneli ya throto. FlySky na Futaba ni chaneli ya 3, Spektrum wanaiweka ya kwanza. Huo waya pia ndio unalisha risiva na servo (vile vimota vya kusukuma usukani) volti 5 kutoka kwenye BEC, kipunguza volti kilicho ndani ya ESC. Hapa ndipo wengi hawaangalii. BEC ya aina ya linia inashusha volti kwa kuzigeuza joto, yani betri ina volti 12 servo zinataka 5, zile 7 zinazobaki zikipita na ampia 1 ni wati 7 za joto tupu, hapo bado joto la mota halijaingia. Kwa seli 3 na servo ndogo nne inavumilia, ukipanda seli 4 au servo kubwa tafuta ESC yenye BEC ya swichi, au BEC ya pembeni. BEC ikizidiwa joto inazima, na ikizima hupotezi mota tu, unapoteza na usukani.

Sasa kalibresheni, yani kuifundisha ESC mwanzo na mwisho wa stiki ya throto. Washa rimoti, peleka throto juu mwisho kabisa. Chomeka betri. Subiri, mota italia milio miwili mifupi, hapo hapo shusha stiki mpaka chini, usizubae, maana ukikaa sekunde kadhaa juu ESC nyingi zinaingia kwenye menyu ya seting na utaanza kusikia milio usiyoielewa. Ukishashusha utasikia milio inayohesabu seli, seli 3 milio mitatu, halafu mlio mrefu wa kukubali. Milio ikiwa miwili kwenye betri ya seli 3, acha, hiyo betri haina chaji au ESC imesoma vibaya, chaji kwanza. Kama rimoti ni Futaba na ESC haielewi kabisa, geuza chaneli ya throto kwenye menyu ya rivasi, Futaba inasoma kinyume na wengine. Utaratibu wa milio unatofautiana kidogo kwa kampuni, kile kikaratasi cha kwenye boksi usikitupe.

Seting nyingine ni chache. Breki iwe ofu kwa propela ya kawaida, iwe oni kama ni glaida (ndege ya kuelea mota ikiwa imezimwa) yenye propela ya kukunja. Aina ya betri weka lipo (lithiamu polima, ndio hizi betri za seli 3 tunazotumia), usiiache kwenye NiMH, aina nyingine ya betri, hata siku moja, kikomo chake cha kukata hakiendani na lipo na utaiua betri. Kukata umeme weka kama volti 3.1 mpaka 3.3 kwa seli, na uchague ile ya kupunguza nguvu taratibu, sio ya kuzima papo hapo, ili ukisikia mota inalegea bado una nguvu kidogo ya kurudi kutua. Taiming, yani ESC inawahi kiasi gani kupeleka umeme kwenye koili za mota, kwa mota ya kuzunguka gamba la nje anzia ya kati, mota ikipiga kelele ya kukwaruza ukifungua throto yote panda moja, ila kila ukipanda inachemka zaidi.

Propela bado iko mezani. Throto ikiwa imepanda kidogo, zima rimoti. Mota lazima isimame. Kama inaendelea kuzunguka rekebisha feliseifu ya risiva (seting ya nini kifanyike mawimbi ya rimoti yakikatika) kwanza, ndege hiyo hairuki.

Sasa rudisha propela, funga nati ikaze, mtu akushikie ndege kwa nyuma, fungua throto yote sekunde kumi huku umeunganisha watimita (kipimo cha ampia na wati) kati ya betri na ESC. Ampia zikizidi uwezo wa ESC au wa mota punguza propela, hakuna seting itakayokuokoa hapo. Ndio uende uwanja mpana asubuhi upepo wa bahari haujachangamka, mbali na watu na mbali kabisa na njia za ndege za uwanja wa Julius Nyerere, na masuala ya kibali ulizia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, mapema. Ruka dakika nne, tua, gusa ESC. Ukishindwa kushikilia kidole juu yake, ongeza hewa au ushushe propela kabla ya kuruka tena.